Joho la Babu na Mwigizaji wa Ghorofani

Juzi nilikwenda Fordsburg kununua zipu, nikarudi na hasira zangu za utotoni zikiwa mpya kabisa. Nilipita palipokuwa na duka la Mama la kushona. Siku hizi wanauza kava za simu. Mzee muuza diski wa mlango wa pili bado yupo, ingawa sijui nani anamnunulia. Aliponitambua aliinama chini ya meza, akapekua weee, akanipa diski moja yenye kava lililopauka. "Bibi yako yumo humu," akasema. Kana kwamba nimewahi kusahau!

Ngoja nikueleze vizuri, maana hukuwepo. Mwaka 2016 nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi nyuma ya duka, mimi, Mama na Bibi. Wao wawili walitoka Tanga. Mimi nilizaliwa hapa hapa Johannesburg, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuelewa zaidi kuliko kusema. Asubuhi niliamshwa na mlio wa cherehani na harufu ya vitumbua vya Bibi, na kabla ya kwenda shule kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Ghorofa ya juu yetu alikaa mtengenezaji filamu.

Alitoka mji mdogo huko India. Ujana wake wote aliumalizia Mumbai akiigiza maiti, polisi na wageni wa harusi. Alituambia sura yake haikuwahi kukaa kwenye skrini muda wa kutosha mama yake kumtambua. Mwishowe akamfuata binamu yake muuza vitambaa huku kwetu, akanunua kamera, akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe za Kihindi. Aliandika yeye, aliongoza yeye, na shujaa alikuwa yeye, kila mara kijana wa miaka ishirini na tano, ingawa alishapita hamsini na rangi ya nywele ilimchuruzika shingoni jua likiwa kali.

Nitasema ukweli ingawa unaniuma: tulimpenda. Jumamosi alishuka kula vitumbua, akamwita Bibi Dadi, ndivyo wanavyowaita bibi zao, akainama kumgusa miguu. Mama alimshonea mavazi. Nusu ya mtaa iliigiza kwake, na wengi hawakujua hata neno moja la Kihindi. Hilo halikumsumbua. Aliwaambia wahesabu moja mpaka kumi mbele ya kamera, bora midomo itembee na uso uwe na huzuni. Sauti ya Kihindi angeibandika baadaye. Msusi wa Kikongo aliyepanga kibanda mbele ya duka letu aliwahi kumlilia mume marehemu kwa kuhesabu Kifaransa, na alipofika saba machozi yalikuwa ya kweli.

Sasa joho. Bibi alikuwa na joho la marehemu Babu, jeusi, lenye darizi za uzi wa dhahabu shingoni. Babu alilivaa siku ya harusi yao. Ndilo Bibi alilotoka nalo Tanga mikononi, mabegi mengine yote yakiwa juu ya basi. Mara moja kwa mwezi alilifukiza udi, na mimi nilishika upindo lisiguse chini.

Jirani wetu alikuwa anacheza mwana wa mfalme anayelichoma joho lake na kuukana ufalme. Akaliona la Babu, akaliomba. Bibi alifikiri siku tatu. Mwishowe akakubali alivae tu. La kuchomwa Mama atashona jingine la kufanana, kwa kitambaa cha bei rahisi. Mama akashona, akaiga hata darizi.

Walipiga filamu juu ya paa, mchana. Lile la Mama lilipowashwa halikuwaka; liliyeyuka na kudondoka matone meusi kama ndoo ya plastiki. Mwana wa mfalme akakasirika, jua linakwenda. Nilikuwa chini naokota pini niliposikia harufu ya udi. Nikajiuliza, mbona leo si siku ya kufukiza? Nikapanda ngazi mbio. Alikuwa amelimwagia la Babu mafuta ya taa. Liliwaka vizuri sana, na yeye akalia mbele ya kamera vizuri sana.

Alishuka na kipande cha ukosi kwenye mfuko, akampa Bibi kwa mikono miwili. "Dadi, nitakununulia lingine zuri zaidi," alisema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Bibi alikiweka kile kipande kwenye kopo la vifungo, akafunga kifuniko.

"Mama mukubwa, utamuachilia hivi hivi?" msusi alifoka. "Kwetu Bukavu, ule bwana angeisha kutafuta fasi ya kukimbilia!"

Mimi sikutaka kungoja. Suruali ya jirani ya sherehe ilikuwa imetundikwa dukani, nikachukua kile kichuma cha kufumulia mshono na kuanza kuifumua makalioni. Bibi akanishika mkono. "Acha. Nguo haijakukosea kitu," akasema. Akanipa uzi na sindano nishone upya pale nilipofumua.

Wiki iliyofuata akaniambia nikamwambie jirani kwamba naye anataka kuigiza. Jirani alikaribia kulia kwa furaha, alidhani amesamehewa. Akampa nafasi ya mtabiri kipofu anayemtabiria mwana wa mfalme. "Mwambie Dadi ahesabu tu," akaniagiza.

Bibi hakuhesabu. Alikaa kwenye kigoda juu ya paa lile lile, akamkazia macho, akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga, polepole, bila kupandisha sauti:

"Umelichoma joho la mume wangu bila kuniuliza, unaniambia utaninunulia lingine. Na mume utamnunua duka gani? Nenda. Kila utakapopita watu wakukumbuke kwa hilo tu. Jina ulilopewa na mama yako lipotee. Wewe ni Mchoma Joho, leo na kesho, mpaka unaingia kaburini."

Jirani akanigeukia, nywele zimemsimama. "Sauti ya ajabu! Amesema nini?"

Bibi alinitazama. Jamani, sijawahi kutafsiri uongo kwa raha namna ile. "Anasema nyota yako itang'aa," nikamwambia. "Anakuita Mchoma Joho, maana yake mwenye nyota."

Akaipenda sana ile sauti hata akakataa kuibandikia Kihindi. Aliiacha kama ilivyo, na chini yake akaandika maneno ya nyota.

Siku ya kuonyesha filamu alikodi ukumbi karibu na Newtown. Ulijaa: Wahindi wa dukani, Wakongo walinzi na wasusi, Watanzania na mizigo yao ya biashara. Bibi alipofungua mdomo kwenye skrini, Wahindi walisoma mambo ya nyota wakatikisa vichwa kwa heshima. Huku kwetu, tunaojua Kiswahili, watu wakageukiana. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Eish!" na ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jirani alisimama, mkono kifuani, akainama kushukuru. Bibi hakucheka. Alikuwa akila karanga, moja moja, na sijawahi kumwona ametulia vile.

Tangu siku hiyo, kwenye robot, yaani taa za barabarani, kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, kila mahali: "Mchoma Joho, habari!" Naye anapunga mkono, "Nzuri!" Bibi akiwa dirishani alisikia kila salamu. Alipougua, nilikuwa nikirudi shule namhesabia mara ngapi jirani ameitwa siku hiyo, naye anatabasamu. Alifariki majira ya baridi, mwaka 2018.

Mwaka uliofuata jirani alihama. Alishuka na masanduku yake kuaga, akasema Dadi alimpa jina zuri na hatamsahau. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilikuwa nimeingojea nafasi hiyo kwa hamu. Nikamwambia yote, neno baada ya neno, nikimtazama usoni nione anavyoyeyuka.

Hakuyeyuka. "Najua," akasema. "Nilijua ukumbini. Miaka ishirini Mumbai nilisimama nyuma ya watu, naijua kila aina ya kicheko. Kesho yake msusi akanitafsiria."

"Mbona uliitika?"

"Dadi alikuwa anafurahi. Nimnyang'anye na hilo pia?"

Akainua masanduku yake, akaenda. Nami nilimchukia kuliko siku ya moto. Sikutaka awe na huruma. Huruma ingemfaa juu ya paa, kabla ya kuwasha kiberiti. Kisasi cha Bibi kilikuwa chetu, na yeye akakigeuza zawadi aliyotupa. Mpaka leo sijamsamehe, na usinishauri.

Msusi amerudi Bukavu. Cherehani iliuzwa. Kopo la vifungo lilipotea tulipohama, na kipande cha ukosi ndani yake. Picha za harusi hazikuwahi kuwepo, na sauti ya Bibi hakuna aliyewahi kuirekodi isipokuwa mtu mmoja. Kwa hiyo nikitaka kuliona joho la Babu, zima, linavyoyumba kwenye ngazi na darizi zake zikimetameta, sina budi kumtazama aliyelichoma akiwa amelivaa. Niliileta ile diski nyumbani niivunje. Imeshindikana.

Naiangalia jioni, baada ya kufunga kazi. Anapoingiza mkono mfukoni kutoa kiberiti nairusha mbele, mpaka kwa Bibi kwenye kigoda. Naongeza sauti majirani wasikie. Namwacha amtukane hadi neno la mwisho, kisha nairudisha nyuma, aanze tena.