Somo yangu alisema kweli, ikaniponza mimi

Alhamisi. Asubuhi mawingu na rasharasha, kisha jua kali.

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka ishirini na sita, nimesoma mpaka kidato cha nne. Kwetu ni Wingwi, kwenye mihogo na mbuzi wa baba. Nimeolewa mjini, Madungu, huu mwaka wa pili.

Sijisafishi. Nilikataa posa mbili za kijijini nikingojea nyumba ya marumaru yenye maji ndani, na niliipata. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mpole, ila kitandani akishamaliza yeye hunipa mgongo. Nilijiambia marumaru yanatosha. Hayakutosha.

Mwezi uliopita nilithubutu. Nilimshika mkono, nikamwonyesha taratibu ninachokipenda. Akawasha taa.

"Kakufunza nani haya?"

Jibu la kweli ni kwamba ni mwili wangu tu. Nikaona haya, nikasema, "Somo yangu." Kwetu somo ndiye anayemfunda mwari kabla ya harusi, na ndiye anayemjibia. Nilidhani yamekwisha.

Kumbe mume wangu alimfuata somo Wingwi kwa gari, akamleta, akamuuliza mbele yangu na mama mkwe. Bi Time, huyo somo yangu, ni mtu wa ibada, uongo hauwezi.

"Hilo sikumfunza, mwanangu. Mie nilimfunza kutulia."

Mama mkwe akacheka. "Sie tulifuata mke shamba tukijua hakijaguswa kitu. Kumbe bibi harusi kaja keshahitimu!"

Wallahi sijamjua mwanamme mwingine. Nikaomba niletewe msahafu niape. Mume wangu akanijibu polepole, "Ushanidanganya la somo. Yamini yako n'taiaminije?"

Tangu siku hiyo analala chumba cha wageni. Kasema nile, nivae, nikae, lakini hanigusi tena. Nikidai talaka, atamweleza baba sababu yake. Nilimpigia mama nikamdokezea. Akasema, "Tulia hukohuko, mwanangu. Mdogo wako anasomea kwako, umtie wapi?"

Ndugu zangu, nikibaki nitazeekea kwenye marumaru niliyoyataka mwenyewe, siguswi. Nikiondoka, Wingwi nzima itanijua kwa hili moja, na mdogo wangu ataacha skuli. Mngekuwa nyinyi, mngeshika njia gani? Niambieni hata kama ni chungu.

Jana usiku pia niliusikia ufunguo wa mlango wake ukizungushwa kwa ndani. Nililala saa tisa kasorobo za usiku.