Kofia ya Kijani kwenye Meza ya Vifungo

Mimi nauza vifungo, na meza yangu imegusana na ya Eckart Brunkhorst miaka kumi na tisa sasa, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ukumbi wa klabu ya kulenga shabaha hapa Uelzen, Ujerumani, hujaa vitu vya zamani, na yeye hupanga kofia. Ni kofia za askari wetu waliopelekwa jangwani wakati wa vita, pamoja na makoti yao mawili matatu. Mpya hataki hata kuzisikia. Anataka zilizochomwa na jua mpaka kijani kikageuka rangi ya unga, zenye madoa ya jasho na ukingo uliochakaa.

Alama ya Kinazi iliyo mbele, chini ya ndege tai wa kitambaa aliyeshonwa hapo, sheria inataka ifunikwe, kwa hiyo kila kofia ina kibandiko cheupe. Akija mpumbavu wa kusifia alama hiyo, Eckart humfukuza. "Ndugu, vikombe viko kule. Hapa huna chako."

Alikuwa fundi wa mapaa, na jua analijua kama mimi ninavyojua vifungo. Huinua ncha ya tai kwa sindano achungulie chini yake: kitambaa kikiwa kijani pale na kimepauka kwingine kote, hilo ni jua la kweli. Kikiwa cheupe mpaka chini ya tai, mtu kailoweka kwenye dawa ya kupausha jana jikoni kwake. Watu hutoka mbali kumuuliza, kwa sababu Eckart hasemi kofia imepauka kama haijapauka. Nimemwona akipoteza mnunuzi wa euro mia nne kwa ajili ya ukweli huo. Nikamwita zuzu, akacheka tu.

Lakini hasa si biashara inayomleta. Baba yake alikuja likizo Machi ya mwaka 1943, Eckart ana miezi miwili, na baba ndiyo kwanza kapewa kofia ya jangwani. Mama yake, Bi Hedwig, akakata kipande cha shuka la kitanda cha mtoto, buluu yenye bata wa njano, akakishona ndani chini ya bitana nyekundu. Baba akaenda Tunis, Afrika. Ikaja barua moja, kisha kimya. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yu hai.

Bi Hedwig akajishikiza kwenye jambo moja. Wengi walitekwa kule wakapelekwa ng'ambo kulima, wakala jua miaka. "Kofia yake ikipatikana imepauka," humwambia mwanawe, "basi aliishi." Ndiyo maana Eckart kila kofia iliyopauka huipapasa bitana kwa kidole gumba. Kipande kingine cha shuka lile anakaa nacho kwenye pochi. Na mama sasa ana miaka themanini na minne, haoni tena, yuko kwenye nyumba ya wazee nyuma ya kanisa.

Sasa sikieni kilichotupata mwezi wa tano.

Mwezi wa pili Dirk, yule muuza masanduku, alileta kofia moja ya kijani kibichi, haina hata doa. Akasema aliikuta kwenye sanduku la askari wa Kiingereza aliyefariki. Eckart aliitazama kwa mbali tu.

"Dirk, hiyo ni saladi! Imechumwa asubuhi!"

"Bwana wee, nakwambia ni ya Mwingereza."

"Kila feki ina babu yake Mwingereza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza. Dirk kwa hasira akanirushia. "Chukua, Roswitha, weka vifungo vyako." Nikaitia kibandiko, nikamwagia vifungo vya pembe ndani, na masoko matatu mazima kofia hiyo ikawa bakuli langu. Eckart alikuwa akipita na keki yake ya plamu, anauliza, "Saladi haijanyauka?"

Basi Jumapili ile ya mwezi wa tano mama mmoja akataka vifungo sita vya pembe. Nikapata vitano. Nikachimba kwenye kofia kutafuta cha sita, ukucha ukakwama kwenye kitu kinene, chini ya bitana. Nikadhani kifungo kimepenya. Nikafumua nyuzi mbili kwa mkasi.

Buluu. Halafu mguu wa njano wa bata.

Haki ya Mungu, nilipiga ukelele hadi mpishi wa soseji akaangusha koleo. "Eckart! Eckart, njoo! Acha keki, njoo!" Vifungo vilitapakaa sakafuni na sikuviokota. Pochi ikamshinda kuifungua, nikamfungulia mimi. Tukaweka kipande juu ya kipande. Bata aliyekatwa shingo kwake, kichwa chake kilikuwa kwangu!

Dirk alinibusu, mimi nikambusu mama wa vifungo sita, watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Eckart alikuwa analia na kucheka. "Miezi mitatu! Miezi mitatu naitukana, Roswitha!"

Kisha akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kwa mazoea tu. Akainua ncha ya tai. Chini kijani, juu kijani. Nikaona furaha inamtoka usoni, na mimi nikaelewa. Jua la Tunis kofia ile haikulionja hata wiki tatu.

"Twende kwa mama," akasema. "Twende sasa hivi, kabla sijafikiri."

Tuliacha meza zetu mikononi mwa Dirk. Bi Hedwig alikuwa amekaa karibu na dirisha. Eckart akapiga magoti, akamwekea kofia mapajani. Vidole vikazunguka ukingo, vikaingia ndani, vikakuta pale nilipofumua. Bibi yule alitoa sauti, mimi sijawahi kusikia mtu akifurahi vile. Alikipapasa kile kipande muda mrefu, anacheka, anamwita mumewe kwa jina la nyumbani.

Halafu akamwinulia mwanawe uso. "Eckart, mwanangu. Imepauka?"

Nilimtazama mtu ambaye hajapata kudanganya juu ya kofia maishani mwake. Ilikuwa kwenye mapaja ya mamaye, kijani kama jani.

"Imepauka, mama," akasema. "Nyeupe kabisa. Kama unga."