Maji ya beseni yaligeuka mekundu

Nyinyi watoto wangu mmepotea hivyo, mnangoja sufuria za matanga yangu ndio mkumbuke njia ya nyumbani Ekerenyo?

Haya, sikieni ya leo Sabato.

Ilikuwa siku ya kuoshana miguu kanisani, kabla ya Meza ya Bwana. Mimi na rafiki yangu Bosibori tumeoshana tangu tukiwa wasichana.

Leo ukucha wake ukanikwaruza kwa kifundo cha mguu. Kidogo tu!

Lakini mnajua ile dawa yangu ya kuzuia damu isigande. Maji yakageuka mekundu.

Bosibori akatoa mikono kwa beseni kama ameshika moto.

"Woi! Omong'ina, mzee mwenzangu, nimekuua!"

"Hujaniua. Lete kitambaa."

Wamama wengine wakaenda kwa mkate na divai, mimi nikabaki kwa benchi nikikandamiza kidonda. Damu ilikoma watu wakitoka.

Sasa Bosibori anasema hataniosha tena. Analia.

Nikiacha dawa, damu itaganda tena mguuni ipande kwa mapafu, na daktari alisema naweza kufa. Nikimeza, nakuwa kama yai, hakuna wa kunishika. Ni hivyo mpaka mnizike. Asiniandikie mtu hapa kwa group eti itakuwa sawa.

Niambieni tu nani ataniosha miguu.

Na wewe utakayekuja, wewe niliyekuogesha ukiwa mtoto, kata kucha kwanza kwako. Kisha ingia, chukua beseni. Maji yakigeuka, usitoe mikono.