Flashi ya Bakule Wangu

Ukutani mwa duka langu la kuchapisha hapa Sotik nilibandika amri kwa herufi kubwa: KILA FLASHI ITAPIMWA VIRUSI KWANZA. Sikumwonea haya mtu. Niliipima ya pasta, nikaipima ya mwalimu mkuu huku amekunja uso, na mke wangu alipoleta ya chama chao alicheka akisema siku moja nitampima hata yeye mlangoni. Kompyuta ile ndiyo iliyotulisha. Tena humo ndani nilikuwa nimehifadhi sauti ya marehemu mama, niliyoirekodi siku moja akichambua mboga na kunigombeza kwa Kipsigis kwa nini sijaenda kuchuma majani chai. Sauti yake nyingine sikuwa nayo.

Mtu mmoja tu hakuguswa na amri ile: bakule wangu. Tulitahiriwa pamoja, tukalala kibanda kimoja, tukala chombo kimoja. Kwetu mtu wa namna hiyo humkagui. Kuipima flashi yake mbele ya wateja ni kutangaza kwamba humwamini. Naye alikuwa na duka kama langu kule Longisa, na tulizoea kusaidiana karatasi na wino.

Asubuhi hiyo aliingia akihema, flashi mkononi.

"Bakule, nisaidie kuprinti programu ya mazishi. Printa yangu imekataa kabisa, na wenye matanga wananingoja."

Nikaichomeka bila kuipima. Nilipobofya faili, kompyuta ilisitasita, na hakuna kilichofunguka. Yeye alikuwa ameinama begani kwangu, macho kwenye skrini.

"Haifunguki?"

"Bado."

"Basi wacha nitafute ingine." Akaichomoa, akaenda bila kunywa chai, na huyo hajawahi kuiacha chai yangu.

Kabla ya saa sita kila faili ilikuwa imefungwa, na ujumbe wa Kiingereza ukinidai nilipe ndipo nifunguliwe. Diski ya akiba niliyoinunua kujikinga na balaa kama hiyo nilikuwa nimezoea kuiacha imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nayo ikafungwa.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Nilitaka kumwonya.

"Hiyo flashi usiweke kwa mashine yako," nikamwambia. "Iko na kitu mbaya. Yangu imeisha."

Akasema polepole, "Kumbe hata kwako."

Nilikaa chini. "Yako iliharibika lini?"

"Juzi. Nilikuwa nimebaki na mashine moja tu nzima. Nilitaka kujua kama shida ni flashi ama ni mashine. Na nilijua wewe hutaniuliza."

Nilikata simu kwa hasira. Mwizi angevunja kufuli, ningeelewa. Huyu aliingia kwa mlango ambao nilikuwa nimeuacha wazi kwa ajili yake peke yake.

Fundi wa Kericho alijaribu akashindwa, na sauti ya mama ikapotelea humo. Nilianza upya kwa kompyuta nyingine. Siku hizi diski ya akiba naichomoa kila nikimaliza, naipeleka nyumbani, na ninayo mashine kuukuu isiyo na mtandao ya kupimia flashi tu.

Miezi ikapita, baba yake akafariki. Akaja dukani, wateja wamejaa, akaninyooshea flashi. Nikaipeleka moja kwa moja kwenye ile mashine kuukuu.

"Hata mimi, bakule?"

"Hata wewe."

Watu waligeuka kututazama. Tulingoja, yeye akitazama viatu vyake. Ilikuwa safi, nami nikamchapishia programu vizuri, picha ya mzee ikatokea imenyooka.

Kulikuwa na faili nyingine humo, sauti ya mzee, ya kuchezwa kaburini. Akaniomba nihakikishe inasikika. Nikaifungua, na baba yake akaanza kumgombeza kwa Kipsigis juu ya ng'ombe ambao hajawanywesha maji. Niliisikiliza mpaka mwisho.

"Inasikika," nikamwambia, nikamwita mteja anayefuata.