Karama ya Jua

Mama yangu alikuwa na sentensi moja kuhusu kazi yangu, na aliipenda kuliko mimi nilivyoipenda kazi yenyewe. "Kule kwa jua kamba iko inakatika na kujifunga tena, ndiyo moto inaruka." Aliisema sokoni Koboko, msikitini upande wa wanawake, na kwa kila dereva wa lori aliyesimama kwake kunywa chai akielekea mpakani Oraba. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kama nitaweza kuleta mvua.

Kamba zenyewe ni mistari ya sumaku. Jua limejaa gesi yenye joto kali mno, inayobeba umeme, na mistari hiyo imenasa ndani yake. Mistari inayoelekea pande tofauti ikibanwa pamoja, hukatika na kuungana upya kwa mpango mwingine, na nguvu iliyokuwa imefungwa humo hufumka. Shida ni kasi. Kwa hesabu za kawaida mambo hayo yangekwenda polepole sana, lakini jua halingoji. Kazi yangu ni kutengeneza mfano wa kompyuta unaoonyesha haraka hiyo inatoka wapi. Asubuhi nafundisha fizikia sekondari hapa Arua. Jioni, umeme ukiwepo, natuma hesabu kwenye kompyuta kubwa ya chuo ninakosomea, iliyo mbali, kisha nasubiri.

Mwaka huu mfano wangu ulikwenda haraka. Mistari ilikatika kama nilivyotaka, kwa kasi niliyoitaka. Nilimwandikia msimamizi wangu wa masomo, naye akajibu kwa sentensi mbili: matokeo ni mazuri; sasa rudia kwa miraba midogo zaidi. Nilimpigia mama simu nikamsomea sentensi ya kwanza tu.

Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Kompyuta haioni anga lote kwa mkupuo, huligawa katika miraba. Mahali mistari inapokatikia ni pembamba sana. Miraba ikiwa mikubwa kuliko wembamba huo, inakuwa kama kuchekecha unga wa muhogo kwa chekeche lenye matundu mapana: kila kitu kinapita, nawe unajisifu kwamba unga ni laini. Yaani kompyuta yenyewe hukata mistari kwa kutoona vizuri, na wewe unadhani ni jua. Dawa yake inajulikana na kila anayeanza kazi hii. Punguza miraba, rudia, na jibu likibadilika ujue halikuwa la jua. Nalijua hilo. Nimewahi kumkaripia mwenzangu kwa kosa hilohilo, tena mbele ya watu.

Mama akatangaza karama, yaani karamu ya shukrani. Kwetu Wanubi neema haifichwi chumbani. Unachinja, unaita majirani, sheikh anasoma dua, watu wanakula. Wakati huo nami nilikuwa nimetuma hesabu ya miraba midogo, kwa kutimiza wajibu tu, nikapanda kwenda Koboko na nguo mpya.

Jibu lilinikuta asubuhi ya karama, nikiwa nyuma ya nyumba namenya vitunguu. Nilifungua simu kwa vidole vinavyonuka. Kasi ilikuwa imeshuka hadi nusu. Miraba imepungua nusu, kasi imepungua nusu, unyoofu wa kuudhi. Haraka yote niliyojivunia ilikuwa ya miraba yangu. Nilikaa pale nikajifanya machozi ni ya vitunguu, na kwa mara ya kwanza niliona vitunguu vina faida.

Nilimwambia mama jikoni, mvuke wa pilau ukitupiga usoni.

"Sasa hiyo kitu iko uongo?"

"Si uongo, mama. Ni makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu."

Alifunika sufuria. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mbuzi imeiva, watu iko njiani," alisema. "Mimi naliita watu na mdomo yangu. Wewe utaambia wao na mdomo yako."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na nia kweli.

Wanawake walikuja na sinia zilizofunikwa kwa tabag, vile vifuniko vya kusuka vya rangi, na kila mmoja alinishika mikono miwili kabla hajaketi. Sheikh alisoma. Aliniombea elimu yenye manufaa, na neno manufaa lilinichoma. Kisha mjomba wangu, anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Oraba na asiyeweza kuona kimya akakiacha, akapiga makofi. "Daktari ya jua, simama! Ambia watu umepata nini."

Nilisimama. Mama alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa, akinitazama. Maneno yalikuwa tayari: nilikosea, bado sijapata kitu. Ni mafupi, hata mtoto angeyasema. Nikatazama zile nyuso zilizotembea juani kuja kunifurahia, nikafungua mdomo, ikatoka sentensi ya mama. Kamba inakatika, inajifunga tena, moto inaruka. "Mashaallah," wakasema watu. Mjomba akalia machozi ya kweli.

Mama aliinamisha uso akaanza kunawisha wageni. Alipofika kwangu alinimiminia maji taratibu kama mgeni yeyote.

Tangu siku hiyo hakuisema tena ile sentensi. Binamu yangu aliniambia kwamba dereva mmoja alimwuliza mama habari za jua, naye akajibu, "Mimi sijui mambo ya jua," akaendelea kukoroga chai. Niliposikia hivyo nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kustahimili kudharauliwa na wasomi wa dunia nzima. Lakini kitu pekee alichokuwa akijivunia mbele ya watu, nilimnyang'anya kwa kuficha ukweli.

Basi nikafanya kazi kama mtu anayelipa fidia. Nilipanga mfano upya, miraba midogo tangu mwanzo, na wiki iliyopita mistari ikakatika tena, haraka, vizuri, safari hii bila ujanja wa chekeche. Nilipiga simu Koboko papo hapo.

"Mama, imekubali. Sasa ni kweli."

Nilisikia lori likipita upande wake. Akangoja lipite.

"Umepima mara ngapi?"

Nilishika simu sikioni, nikitazama mchoro wangu mzuri kwenye kompyuta. Nilikuwa nimepima mara moja.