Shee na Mlango wa Chumba cha Nne

Shee alitoka Lamu mwaka wa tisini na sita, akaajiriwa kufundisha uandishi wa mabango katika chuo kimoja cha ufundi pale Ngara. Siku hizo darasa lake lilijaa pomoni, maana kila mwenye duka alitaka jina lake liandikwe kwa brashi. Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, wanafunzi wakapungua hadi wakaisha, na idara ikafutwa. Chuo hakikumtupa. Kilimpeleka stoo, kutoa misumeno na nyundo asubuhi na kuzipokea jioni, na kila chumba kilipopewa idara mpya, aliitwa yeye kuandika jina jipya mlangoni, juu ya rangi ya lile la zamani. Miaka kumi na minne ikapita hivyo. Hakulalamika, stoo ilikuwa na ubaridi mzuri, na chai ya saa nne haikumkosa.

Mwaka huu chuo kilikuwa kinatimiza miaka hamsini. Mkuu mpya, Carolyne, alitaka historia ya chuo iandikwe, lakini faili za zamani zilikuwa zimelowa kwa paa kuvuja, karatasi zikagandana. Aliwauliza walimu, kila mmoja alijua ya idara yake tu. Mwisho akafika stoo.

"Mzee Shee, wanasema wewe ndio unajua hii chuo ilianza aje."

"Nilikuja imeshaanza, Madam. Lakini nipe msasa, na uniruhusu mlango mmoja."

Alichagua chumba cha nne, kilichoandikwa Kompyuta. Akasugua polepole, kila jina akilinakili daftarini kabla halijafutika. Chini ya Kompyuta palikuwa na Umeme. Chini ya Umeme, Mabango, kwa mkono wake mwenyewe wa ujana. Hapo alisita kidogo, kisha akaendelea. Ukatokea Ushonaji, na mwisho kabisa, kwa herufi za kupindapinda za mtu asiyemjua: Useremala, 1975.

"Kumbe maseremala ndio walianza!" Carolyne alisema. Akainama kulitazama daftari. "Na hizi herufi zimenyooka hivi, ulitumia rula?"

"Mkono tu, Madam."

"Unaweza funza watu bado?"

Shee alijifuta vumbi la rangi usoni, akicheka kwa haya. "Wakipatikana wa kufundishwa, mbona nisiweze?"

Tangazo likabandikwa getini: darasa la Jumamosi, miezi mitatu. Shee alitarajia watu wawili watatu. Wakaja kumi na mmoja, mmoja wao akiitwa Wangu, mwenye saluni hapo jirani, aliyechoshwa na mabango ya plastiki yanayopauka kwa jua.

Jumamosi ya kwanza alirudi nyumbani kanzu ina madoa ya buluu. Salme, mkewe, akashika kiuno.

"Ndiyo kanzu ya Ijumaa hiyo, Baba Nabiha?"

"Nilisahau kubadili," akasema. "Wangu alikuwa hawezi kuikunja S, nikashika brashi."

Salme akamwekea maji ya moto na sabuni, na Shee akaketi kufua mwenyewe, akimsimulia mwanafunzi mmoja baada ya mwingine.