Sanduku la Bati na Radi ya Ziwani

Niliisikia mvua kabla sijaiona. Ilikuwa ikipiga maji huko mbali ziwani, mvumo mmoja mzito, kama choroko zinazomwagwa sakafuni bila kwisha. Nilikuwa nimekaa chini, kichwa changu kati ya magoti ya dada yangu, ananisuka.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Dada alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na kesho yake shule ilikuwa ikifunguliwa Ukerewe. Mjomba alikuwa amekuja kumvusha kwa mtumbwi wake wa tanga. Asipofika, nafasi ile angepewa mwingine. Nami sikuwa na ombi jingine duniani ila asiende.

"Ndani! Wote ndani!" mama aliita kutoka uani.

Kwetu radi ilikuwa na taratibu zake. Kioo kilifunikwa khanga, moto ukafukiwa majivu. Hakuna aliyeegemea ukuta wala kusimama mlangoni. Na kila kitu cha chuma kilitolewa nje, maana tuliamini chuma huita radi. Mama alirusha jembe, shoka, sufuria. Kisha akalikamata sanduku jipya la bati la dada, akaliburuta hadi chini ya ukingo wa paa.

"Mama, nguo zangu!"

"Nguo hukauka. Wewe radi ikikupiga, nikuanike wapi?"

Mjomba alichungulia dirishani, akamgeukia mama. "Dada, sasa hivi tungekuwa tumeshatweka tanga. Wingu lenyewe la kupita."

"Pita nalo basi. Mwanangu hapandi mtumbwi ngurumo ingalipo. Kule katikati ya ziwa hakuna kirefu kuliko wewe na mlingoti wako."

"Leo nami nimekuwa mrefu!" alisema mjomba, ambaye alimfikia mama begani. Tulicheka, na mvua ikatufikia tungali tunacheka.

Nyumba ikawa giza. Dada aliendelea kunisuka kwa kupapasa. Radi ilipopasuka juu ya majabali, vidole vyake vilisimama. Kisha vikaendelea, taratibu, kama vinavyosoma kitu kichwani mwangu. Nilitamani mvua ile isichoke. Hadi leo, popote ninaposikia ngurumo, ngozi ya kichwa changu huvingoja vidole vile.

Mvua ilipokatika mjomba alisimama. Ngurumo moja ikajikokota mbali, upande wa visiwani.

"Kaa," mama alimwambia. "Ikiwa sisi tunaisikia, nayo bado inatuona."

Mjomba akakaa. Tulingoja mpaka kimya kikawa kirefu, na maji ya ziwa kule chini yakarudia rangi yake. Ndipo mama alipofungua mlango, na dada akaliendea sanduku.

Kifuniko kilikuwa kimeachia upande mmoja, na maji yote ya paa la nyasi yalikuwa yameteremkia humo. Gauni zake, shuka, viatu vya turubai, vyote vilielea katika maji ya rangi ya chai. Mama alishika mdomo.

"Kumbe bati haliiti radi," alisema mjomba. "Linaita mafuriko."

"Hawezi kusimama mbele ya wanafunzi na nguo hizo," nilisema harakaharaka. "Aende keshokutwa."

Dada alinitazama, akanielewa. Hakunicheka. "Nitazianika mtumbwini," alisema. "Upepo wa ziwa utazikausha."

Mama aliingia chumbani akatoka na gauni lake la kanisani. Lilimpwaya dada, akalibana kiunoni kwa khanga, na ghafla akafanana na mwalimu wa watu wengine, si dada yangu.

Mjomba alitangulia na sanduku kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Mama akamfuata na mashuka mabichi begani. Mimi nilikataa kushuka ufukweni. Dada aliinama, akanigusa shavu.

"Usinune, mdogo wangu. Likizo nitakuja."

Upepo wa baada ya mvua ulikuwa ukiingia, wa baridi. Aliona nimejikunyata, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.